Habari za Macho

Simu ilimkuta Dorotea juu ya dungu la kulindia mpunga, kombeo mkononi, donge la udongo limeshatiwa tayari. Alikuwa anasikiliza, maana siku hizi ndege aliwasikia kabla ya kuwaona. Kweleakwelea wakija kwa wingi wana mvumo wao, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo kutoka juu, na ukishausikia mvumo huo juu ya shamba lako, ujue umechelewa. Mwenye macho mazima huwaona wangali wingu dogo upande wa mto. Dorotea aliwaona wameshatua.

"Haloo," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naongea na mama yake Osward? Mimi naitwa Firdausi, napiga kutoka bima, ofisi ya Ifakara. Ni kuhusu yale maombi yenu ya upasuaji wa kope."

Dorotea akakaa vizuri. Akakivuta kitambaa cha kichwani kikaze juu ya paji la uso, kana kwamba binti yule anamwona. "Ndiyo, nakusikia."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Afya yako je, mama?"

"Njema, Mungu anasaidia."

"Na macho? Yanaendeleaje?"

"Hayajambo, mwanangu. Tunakwenda nayo hivyo hivyo."

"Kazi zako za kila siku unafanya?"

"Nafanya! Hapa unaponisikia niko shambani, naamia ndege."

"Hongera sana, mama. Basi nikutakie kazi njema."

Simu ikakatika. Dorotea akaifunga kwenye pindo la khanga, moyo wake mweupe. Binti ana adabu yule, akasema moyoni. Kaanza na shikamoo, kamaliza na hongera. Watu wa namna hiyo hawawezi kukuangusha.

"Dorotea!" Sauti ilitoka dungu la pili, shamba la jirani yake Anifa. "Dorotea, wewe! Wako kwako! Wamekaa mezani, wananawa mikono!"

Akainuka haraka, akainua na kidevu mpaka shingo ikalia, na ndipo alipowaona. Masuke ya upande wote wa mashariki yalikuwa yanacheza bila upepo. Akapiga debe, akarusha donge, akapiga kelele mpaka koo likakauka. Waliruka walipotaka wenyewe.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Anifa akauliza.

"Watu wa bima."

"Wanasemaje?"

"Wananisalimia," Dorotea akajibu kwa fahari.

*

Kope zake zilianza kushuka polepole, kama pazia ambalo misumari yake inalegea mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza alidhani ni usingizi. Mwaka wa pili alikuwa hawezi kuona kitu kilicho juu ya pua yake bila kuinua uso mbinguni, na watu wa kijiji chao cha Kivukoni wakaanza kusema Mama Osward siku hizi anaringa, anatembea kidevu juu.

Dawa aliigundua mwenyewe. Siku moja alijifunga kitambaa kwa hasira, akakianzia kwenye nyusi, akakivuta juu na kukikaza kisogoni kwa mafundo mawili, na dunia ikafunguka. Ngozi ya paji ilipanda na kope zikapanda nayo. Hazikufika zilipokuwa zamani, ila zilimtosha kuvuka barabara. Tangu siku hiyo hakutoka nje bila kukaza. Kitambaa kilimuumiza kichwa tangu asubuhi hadi jioni, kikamchora mfereji mwekundu juu ya nyusi, na nywele za mbele zikang'oka zote, utosi wa mbele ukawa kama wa mtoto mchanga. Aliyejua hayo alikuwa mumewe Venance peke yake, maana ndiye aliyekuwa akimfungua fundo vidole vyake vikishindwa. Hata Anifa, anayejua mpaka idadi ya sufuria zake, hakujua.

Dk. Fridolin wa kliniki ya macho alimwona siku ya mvua, kitambaa kimelowa na kulegea, kope zimeteremka mpaka katikati ya mboni. "Mama, huu si uzee tu," akamwambia. "Hizi zinakatwa na kupandishwa. Ni upasuaji wa saa moja, na ni haki yako, kwa sababu zinakuzuia kuona. Una bima?"

Bima alikuwa nayo. Mwanawe Osward alikuwa kibarua wa msimu kwenye mashamba ya miwa, na kadi yake iliwabeba wazazi wote wawili. Daktari akajaza fomu. Kikatakiwa kitu kimoja tu zaidi: picha ya uso.

*

Osward alipiga simu Ijumaa, mashine za kiwandani zikinguruma nyuma yake.

"Mama, wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Upasuaji. Nimepata ujumbe sasa hivi. Baba yupo? Weka sauti kubwa asikie."

Venance alikuwa anashona wavu kizingitini. Akauweka chini. Osward akasoma taratibu, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Picha iliyoletwa inaonyesha mboni zote mbili zikiwa wazi. Mgonjwa mwenyewe alipohojiwa kwa simu amesema macho yake hayajambo, na anafanya kazi zake zote za kila siku, ikiwamo kuamia ndege. Kwa hiyo upasuaji huu ni wa urembo, na urembo haumo katika mkataba.

"Urembo?" Venance akacheka kwanza. Kisha akaacha.

"Mama, kweli uliwaambia macho hayajambo?"

"Mtoto wa watu ameniamkia, Osward. Kaniuliza habari. Nimjibuje?"

"Umjibu unaumwa!"

"Kwenye salamu?"

Walisikia mtu akimwita Osward kwa filimbi. "Nisikilizeni," akasema kwa haraka. "Msimu unaisha. Mkataba wangu unakatika Ijumaa ijayo, na kadi inakufa siku hiyo hiyo. Msimu mpya sijui kama watanichukua, na wakinichukua, bima inaanza upya baada ya miezi mitatu. Daktari anapasua macho siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi imebaki Alhamisi moja. Wamesema tunaweza kukata rufaa, lakini uende mwenyewe ofisini, na picha mpya. Mama, safari hii tafadhali usiwasalimie sana."

Bila bima, upasuaji ule ulikuwa sawa na magunia manane ya mpunga, na shamba lao likijaliwa sana hutoa kumi na tano. Hawakulitaja jambo hilo. Venance aliokota wavu wake, akashona tundu moja mara mbili.

Asubuhi yake habari zilikuwa zimeshafika madunguni. Ukuta wa matete hauzuii sauti ya simu.

"Mwali wetu!" Anifa akaita toka mbali. "Nasikia unataka kukunjuliwa uso! Harusi lini, tukapake hina?"

Anifa akangoja kicheko, hakikuja. Baadaye kidogo akasema kwa sauti nyingine, "Doro, nimetania tu." Na baada ya hapo tena: "Wako kwako, upande wa kisima." Dorotea akarusha donge upande wa kisima bila kumwona hata ndege mmoja.

*

Studio ya Mbaruku, ilikopigwa ile picha ya bima, ilikuwa ndani ya duka la vifaa vya shule, karibu na stendi ya Ifakara. Walipoingia Jumamosi mchana, kitu cha kwanza Venance kukiona ni mkewe ukutani. Picha kubwa, kwenye fremu ya dhahabu, katikati ya bibi harusi na mtoto wa kipaimara.

"Karibuni, karibuni!" Mbaruku akatoka nyuma ya kaunta. "Mama, unajiona? Kazi yangu bora ya mwezi huu. Wateja wanauliza, huyu ni mke wa mkuu wa wilaya?"

Dorotea akainua kidevu ajitazame. Kitambaa cha maua alichokinunua kwa ajili ya Pasaka, kimekazwa kuliko siku zote, maana huwezi kwenda kupigwa picha umelegea. Kidevu juu, maana Mbaruku alisema inua kidevu, mama, vuta pumzi, fungua macho, hapo hapo. Alikuwa amemtii kama mwanafunzi. Na macho katika picha ile yalikuwa makubwa, meupe, yanang'aa.

"Hata kope zilipokuwa nzima hayakuwa hivi," akasema. "Uliyafanya nini?"

"Kidogo tu kwenye kompyuta." Mbaruku akatabasamu. "Kulikuwa na kivuli juu ya jicho, hapa na hapa. Nikakifuta. Sikukutoza kitu."

"Kivuli hicho ndicho ugonjwa wangu."

Mbaruku akatazama picha, akamtazama yeye. Tabasamu likamshuka. "Ya Rabi. Mbona hukuniambia ni ya hospitali? Mtu akija hapa kavaa vizuri, mimi namtengeneza. Ndiyo kazi." Akachukua kamera upesi. "Kaa hapa. Nakupiga nyingine bure, bila kufuta chochote. Vua tu hicho kitambaa."

Duka lilikuwa na watu wanne, na mlango wazi unatazama barabara.

"Kitambaa sivui," Dorotea akasema, akatoka.

Venance alimkuta mbali, ameshavuka barabara bila kutazama. Dereva wa bajaji alikuwa bado anamtukana.

*

Jumapili nzima Dorotea hakusema neno ila "chakula tayari". Venance alimzoea mkewe akiwa na maneno mengi, hasa vitendawili. Katika nyumba ile miaka thelathini na tano yeye ndiye aliyetega, na Venance ndiye aliyeshindwa na kutoa miji. Alishamgawia miji yote tangu Uchindile mpaka Dar es Salaam, na ilipokwisha akaanza kumpa mito.

Jioni, mwanga ukiwa bado upo, Venance akasogeza kigoda.

"Kitendawili."

Dorotea akamtazama chini ya kope. Tangu waoane hajamsikia mumewe akisema neno hilo kwanza. "Sina hamu, Baba Osward."

"Kitendawili, nimesema."

"Haya. Tega."

"Nina mtu wangu. Akiwa mzima husema mzima. Akiwa mgonjwa husema mzima. Siku akifa, sijui nani ataniambia."

Dorotea akachokonoa majivu kwa kijiti. Kuku alipita kati yao, akarudi.

"Umeshindwa?" Venance akauliza.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Mlimba."

"Mlimba siitaki. Nipe Ifakara. Kesho asubuhi, mimi na wewe, kwa daktari, halafu kwenye dirisha la bima."

"Watanivua kitambaa."

"Watakuvua."

"Mara ya mwisho watu kukiona kichwa changu ilikuwa msiba wa mama yangu. Na wakati huo kilikuwa na nywele."

"Najua," Venance akasema. "Nimekiona tangu kikiwa na nywele mpaka sasa. Sijakikimbia."

Dorotea akamcheka, kwa pua tu, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Wewe ungekimbilia wapi? Miji yote nimekunyang'anya."

*

Dk. Fridolin alifunga mlango mwenyewe, akageukia ukutani ili Dorotea avue bila kutazamwa. Akamweka kidevu kwenye mashine, akampa kitufe. Taa ndogo zilikuwa zinawaka humo ndani, kila akiiona moja abonyeze. Dorotea alibonyeza chache. Aliposhawishika kukunja paji apandishe kope, daktari akamwekea kidole juu ya nyusi.

"Usinisaidie, mama. Hapa atakayejitahidi ndiye anayeshindwa."

"Nilikuwa wa pili darasani mpaka la saba," Dorotea akasema. "Sijui kushindwa makusudi."

Daktari akatoa karatasi, akaandika mistari mingi, akagonga muhuri. "Picha sipigi mimi," akasema. "Nimeongea nao. Kwa kuwa ile ya kwanza ilitengenezwa, wanataka ipigwe na afisa wao, akiona kwa macho yake. Kichwa wazi, na paji lishikwe lisipande. Na ifike kwa wakubwa wao kabla ya saa sita leo. Ikipita hapo, jibu halitatoka Jumatano, na Alhamisi yenu itapita."

Ilikuwa saa tano kasorobo.

Ofisi ya bima ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pampu za maji. Kaunta yenye kioo, benchi mbili, feni inayozunguka kwa kusuasua. Watu kumi na tano au zaidi walikuwa kwenye foleni: walimu, vijana wa miwa na vitambulisho vyao shingoni, mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Nyuma ya kioo alikaa binti mwenye hijabu ya kijani, anaandika bila kuinua kichwa. Foleni ilisogea hatua moja, ikasimama. Saa ya ukutani ilisema tano na nusu walipofika dirishani.

"Shikamoo mama."

Dorotea akaijua sauti. "Marahaba. Ni wewe uliyenipigia?"

Binti akainua macho, akaitazama karatasi, akamtazama. "Ndiyo, mama. Mimi ndiye Firdausi."

"Ulinisalimia vizuri sana."

"Asante, mama."

"Kumbe ulikuwa unaandika."

Firdausi akaweka kalamu chini. "Mama, nilikuuliza macho yanaendeleaje."

"Na baada ya habari za nyumbani! Mwanangu, wewe umezaliwa hapa hapa. Mtu akikuuliza habari, unamwambia mbaya? Bibi yako akiwa kitandani, ukimwamkia anakujibuje?"

Mtu nyuma akasema, "Jamani, foleni." Mwingine akamwambia anyamaze.

"Anasema hajambo," Firdausi akasema taratibu.

"Basi."

Binti akaisoma karatasi ya daktari, akatazama saa. Akashusha sauti. "Mama, lazima nikupige picha kichwa wazi. Chumba kingine hatuna. Naweza kuwaomba hawa watoke nje, lakini ni ghorofani, wengine wagonjwa, mpaka washuke na wapande..."

"Au tungoje mpaka wapungue," Venance akasema.

"Mzee wangu, saa sita wale wanafunga kupokea. Mtandao wenyewe unanisumbua tangu asubuhi. Ni dakika ishirini na tano hizi."

Dorotea akageuka. Aliwaona wote, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekazwa vizuri. Mwalimu aliyewahi kumfundisha Osward. Kijana wa miwa anayetafuna mua. Mama mwenye mtoto. Mwanamke wa kwaya ya pili, ambaye kabla ya jioni angekuwa ameifikisha habari kwa Anifa na kwa parokia nzima. Wote walikuwa wanatazama fundo lake. Akajaribu kulifungua, vidole vikateleza. Akajaribu tena, fundo likazidi kukaza.

"Baba Osward," akasema, kwa sauti isiyosikika.

Venance akasimama nyuma yake, akalifungua fundo la kwanza, kisha la pili, kama alivyofanya kila siku.

Kitambaa kikaja. Kope zikashuka. Na hapo likatokea jambo ambalo Dorotea hakuwa amelifikiria: watu wote wakatoweka. Mwalimu hakuwapo tena, wala mwanamke wa kwaya. Ilibaki miguu tu. Kandambili za bluu, viatu vya ngozi vyenye matope, buti za mpira, miguu midogo ya mtoto ikining'inia kutoka mgongoni kwa mama yake. Miguu haikucheka. Miguu haikusema kitu. Hewa ya feni ikapita juu ya ngozi iliyokuwa haijapata hewa mchana kwa miaka miwili, na akashangaa kuona kwamba ni tamu.

"Pole, mama," sauti ya mzee mmoja ikasema.

"Pole sana, mama," wengine wakaitikia, mmoja mmoja, mpaka nyuma ya foleni.

Firdausi alikuwa ameshatoka nyuma ya kioo. Dorotea aliona pindo la gauni la kijani na viatu vyeusi. "Mzee, mshike hapa juu ya nyusi, asipandishe," akasema, na kidole gumba cha Venance, kigumu kwa kamba za wavu, kikatua kwenye ule mfereji. Simu ikalia kama kamera. Mbele. Upande. Upande wa pili.

"Sasa nakuuliza tena, mama, na naandika. Nakwambia kabisa kwamba naandika. Macho yanaendeleaje?"

"Haya..." Dorotea akaanza. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limezoea njia. Akalimeza. "Mabaya."

"Mabaya vipi?"

"Ndege wananilia mpunga shambani nikiwa nimekaa juu yao. Kanisani nashika kope kwa kidole nimwone padre, watu wanadhani nalia, wananipa leso. Juzi bajaji ilitaka kunigonga hapo stendi, nikasikia matusi, gari sikuliona. Nikimimina uji natia kidole kwenye kikombe kujua umefika wapi, na ni wa moto. Wajukuu zangu nawajua kwa viatu." Akavuta pumzi. "Na kichwa kinaniuma kila siku ya Mungu, kwa sababu ya hicho kitambaa. Hiyo sijamwambia hata daktari. Andika na hiyo."

Firdausi alikuwa anaandika kwenye simu kwa vidole viwili, haraka haraka. "Nimeandika."

"Nipeni kitambaa changu."

Venance akamfunga. Watu wakarudi mmoja mmoja, kuanzia miguuni. Mwanamke wa kwaya ya pili alikuwa anatazama dirishani, anajifuta pua.

Saa ilisema sita kasoro dakika saba. Kwenye kompyuta ya Firdausi, duara dogo lilizunguka, likasimama, likazunguka tena. Foleni yote ililitazama duara lile, hakuna aliyesema foleni tena. Lilipogeuka alama ya kijani, kijana wa miwa akapiga makofi, kisha akaona haya.

*

Jibu lilikuja Jumatano saa kumi alasiri, na lilikuja nusu.

"Wamekubali jicho la kulia," Osward akasema kwenye simu.

"Na la kushoto?"

"La kushoto bado halijafika kiwango chao. Kipimo kinasema limebakiza kidogo."

"Limebakiza nini?"

"Kushuka, mama."

Venance akatukana kwa Kindamba. Dorotea akasema, "Kwa hiyo wanalisubiri lianguke."

"Mama, kubali hilo moja. Ijumaa kadi inakufa."

"Nani kasema nimekataa? Nimeingia ofisini kwao sina hata moja."

Alhamisi akalala chini ya taa nyeupe, akasikia mkasi ukifanya kazi karibu sana na mawazo yake, hakuhisi maumivu. Ijumaa kadi ikafungwa, kama walivyoambiwa. Osward akarudi nyumbani na begi na fimbo tano za miwa, akakuta mama yake amefungwa bandeji upande mmoja, anatega vitendawili kutoka kitandani, na baba yake ameshaishiwa na mito.

*

Wiki ya tatu baada ya Pasaka mpunga ulikuwa unageuka rangi, na Dorotea alikuwa amerudi juu ya dungu. Kitambaa alikifunga kama wanawake wengine, fundo moja, kimelegea. Mfereji wa paji ulikuwa unaanza kufutika. Jicho la kushoto bado lilikuwa na pazia lake.

Simu ikaita.

"Shikamoo mama. Ni Firdausi wa bima."

"Marahaba. Ngoja kidogo."

Akailaza simu mapajani. Kule upande wa mto, juu ya miti ya Kivukoni, kulikuwa na kitu kama moshi wa jiko. Moshi hauendi mbio hivyo. Akasimama, akazungusha kombeo mara mbili, akaachia, na donge likapasuka hewani mbele ya wingu lile kabla halijavuka mpaka wa shamba. Akapiga debe. Wingu likajikunja, likainama, likageuka.

"Anifa!" akaita kwa nguvu zote. "Anifa, amka! Wanakuja kwako!"

"Wako wapi? Siwaoni!"

"Juu, mwanamke! Tazama juu!"

Akakaa, akaichukua simu. "Upo, mwanangu?"

"Nipo, mama. Nilikuwa nauliza tu, habari za macho?"

"Kalamu unayo?"

"Kalamu?" Firdausi akacheka kidogo. "Mama, kadi yenu si imefungwa, leo nimekupigia kukujulia hali tu..."

"Msimu wa miwa utaanza, na Osward ataomba kazi. Kalamu unayo au huna?"

Akasikia droo ikifunguliwa. "Ninayo, mama."

"Andika. La kulia zima. La kushoto bovu. Umeandika bovu?"

"Nimeandika bovu."

"Weka na tarehe. Na siku nyingine ukinipigia nikakwambia hayajambo, ujue nimekuitikia salamu tu. Usiandike."